Kupima nguvu za mwili wa mzee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watoto wanaotunza wazazi wao, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wazee wenyewe. Ya msingi yametangulia, hali za pekee ziko mwishoni. Majibu hayachukui nafasi ya daktari, ila yatakusaidia kujua lini umfikie na ukifika umwambie nini.

## Mambo ya msingi

Mzee kuishiwa nguvu si uzee tu?

Hapana, na sentensi ya "ni uzee tu" imewakosesha wazee wengi matibabu. Wako wenye miaka 82 wanaolima bustani na kupanda daladala bila kushikwa mkono, na wako wa miaka 66 wasioweza kutoka kitandani bila kuvutwa.

Hali tunayoizungumzia hapa ni udhaifu wa uzeeni: mwili umepoteza akiba yake, kiasi kwamba jambo dogo kama malaria, kuharisha siku mbili au dawa mpya ya presha linamwangusha mtu moja kwa moja. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake nchini Marekani walitaja dalili 5 za kuitambua: kupungua uzito bila kukusudia (kilo 4.5 au zaidi kwa mwaka), uchovu usioisha, mshiko dhaifu wa mkono, kutembea polepole, na kutojishughulisha. Mwenye 3 au zaidi anahesabiwa kuwa na udhaifu. Mwenye 1 au 2 yuko njiani, na huyo ndiye wa kuwahiwa, kwa sababu bado ana mengi ya kuokoa.

Na kupungua kwa misuli ni ugonjwa mwingine?

Ni ndugu wa karibu wa udhaifu, lakini si kitu kimoja. Kitaalamu huitwa sakopenia, jina alilolipendekeza Irwin Rosenberg mwaka 1989. Lilichukua muda mrefu kukubalika kuwa ugonjwa. Marekani iliupa namba yake katika orodha ya magonjwa mwaka 2016 tu.

La kukumbuka ni kwamba nguvu hupotea haraka kuliko nyama yenyewe. Kwa watu wa miaka 75 hivi, misuli hupungua kwa chini kidogo ya asilimia 1 kwa mwaka, lakini nguvu hupungua kwa asilimia 2.5 hadi 4. Kwa hiyo mguu unaweza kuonekana mnene vilevile huku kazi yake imepungua sana. Tangu mwaka 2018 wataalamu wa Ulaya huanza kwa kupima nguvu, na wingi wa misuli hufuata baadaye kuthibitisha.

Kwa nini kupima kwa kiti na saa, wakati hospitali ina mashine?

Kwa sababu mashine nyingi hupima kiungo kimoja kimoja. Kuinuka kitini kunahitaji mapaja, magoti, moyo, mapafu, macho, sikio la ndani, mishipa ya fahamu na hata ujasiri, vyote kwa pamoja. Kimoja kikilegea, sekunde zinaongezeka. Kipimo hakikuambii ni kipi kimelegea, ila kinakuambia kwamba kuna kitu, mara nyingi kabla mzee mwenyewe hajalalamika.

Mwaka 1994 Jack Guralnik wa taasisi ya taifa ya uzee ya Marekani na wenzake walichapisha mkusanyiko wa vipimo vitatu unaojulikana kama SPPB: kusimama bila kuyumba, kutembea, na kuinuka kitini mara 5. Mwaka uliofuata walitoa matokeo ya wazee wa miaka 71 na zaidi ambao mwanzoni hawakuwa na ulemavu wowote. Miaka 4 baadaye, waliopata alama za chini kabisa walikuwa na uwezekano wa mara 4 hadi 5 hivi wa kuwa na ulemavu kuliko waliopata alama za juu. Wote walikuwa wazima siku ya kupimwa. Hapo ndipo thamani ya kipimo ilipo.

Utabiri huo ni wa uhakika kiasi gani kwa mzee wangu mmoja?

Kwa kundi la watu, ni wa nguvu sana. Mwaka 2011 Stephanie Studenski na wenzake walikusanya takwimu za watu 34,485 wa miaka 65 na zaidi, wakaona kwamba kila nyongeza ya mita 0.1 kwa sekunde katika kasi ya kutembea iliambatana na hatari ya kifo iliyopungua kwa asilimia 12 hivi.

Kwa mtu mmoja, usikigeuze kipimo kuwa ramli. Mama mwenye kasi ndogo anaweza kuishi miaka mingi, na mwenye mbio akaondoka kesho. Kinachopimwa ni hatari, na hatari inaweza kupunguzwa (tazama sehemu ya "Kurudisha nguvu"). Nawasihi sana wahudumu: msimwambie mzee "ukitembea hivi huna muda mrefu". Mwambieni miguu yake inahitaji kazi gani.

Nani apimwe?

Kila mwenye miaka 65 na zaidi, angalau mara moja kwa mwaka. Kuanzia miaka 60, au hata kabla, mpime ukiona mojawapo ya haya: ameanguka, nguo zimeanza kumpwaya, ameacha kwenda sokoni, kanisani au msikitini alikozoea, anasukuma kiti kwa mikono ili ainuke, au ametoka kulazwa. Wenye kisukari, ugonjwa wa moyo, figo, kifua kikuu au VVU wapimwe mapema zaidi, kwa kuwa magonjwa hayo hula misuli.

## Vipimo vyenyewe

Napimaje kuinuka kitini nyumbani?

Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, urefu wa kukalia sentimita 43 hadi 46, yaani kile cha kawaida cha mezani. Sofa haifai maana inamzamisha, na kigoda ni kifupi mno. Kile cha plastiki kinateleza kwenye sakafu ya marumaru, hivyo kiegemeze ukutani. Mzee avae viatu vya kubana vizuri au awe peku, ndala zivuliwe.

Akae, nyayo zote mbili chini, mikono imekunjwa kifuani. Kwanza ainuke mara moja tu umwone. Akiweza bila shida, mwambie: "Inuka mpaka wima kabisa, kaa, mara tano mfululizo, haraka kadiri unavyoweza bila kujiumiza." Anza stopwochi ya simu unaposema "haya", isimamishe anapokuwa wima mara ya tano. Kosa linalorudiwa sana ni kusubiri mpaka akae. Hilo humwongezea sekunde asizostahili. Lingine ni kuhesabu nusu-msimamo, magoti bado yamepinda. Hiyo haihesabiwi.

Simama kando yake, karibu, mkono tayari nyuma ya kiuno bila kumgusa. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, acha papo hapo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa huduma za wazee ngazi ya jamii hutumia sekunde 14: akishindwa kumaliza mara 5 ndani ya muda huo, anahitaji uchunguzi zaidi. Wazungu wa Ulaya huweka mpaka zaidi ya sekunde 15, wataalamu wa Asia sekunde 12 na kuendelea. Sababu ya tofauti hizo iko kwenye sehemu ya kusoma matokeo.

Hawezi kuinuka bila kujisukuma kwa mikono. Nimpe alama gani?

Sifuri, na hiyo sifuri ni jibu kamili. Usimsaidie ili "apate walau kidogo". Andika: "alihitaji mikono". Miezi 3 baadaye akiinuka mara moja tu bila mikono, utakuwa na ushahidi wa maendeleo ambao usingeupata kama ungemhurumia leo.

Kuna kipimo cha sekunde 30 pia. Kipi ni bora?

Cha sekunde 30 kinahesabu ameinuka mara ngapi badala ya muda aliotumia. Kilitengenezwa na Rikli na Jones huko California, na faida yake ni kwamba hata aliye dhaifu anapata namba, iwe 2 au 3. Kwa mfano, katika jedwali linalotumiwa Marekani kwa kuzuia kuanguka, mwanamume wa miaka 70 hadi 74 akiwa chini ya mara 12, au mwanamke wa umri huo chini ya mara 10, yuko chini ya wastani. Chagua kimoja ushike hicho hicho. Ukibadilisha kila mara hutaweza kulinganisha.

Kasi ya kutembea napimaje?

Pima mita 4 kwa tepu ya fundi, weka alama mbili kwa chaki au mkanda. Njia iwe tambarare na iendelee kidogo mbele ya alama ya pili, la sivyo atapunguza mwendo kabla ya kufika. Mwambie atembee mwendo wake wa kawaida, kama anayekwenda dukani. Usimwambie aharakishe. Bakora au mkongojo anaoutumia kila siku unaruhusiwa. Rudia mara mbili, chukua ya haraka zaidi.

Hesabu ni nyepesi: mita 4 kwa sekunde 4 ni mita 1 kwa sekunde, mita 4 kwa sekunde 5 ni mita 0.8 kwa sekunde. Ulaya huchukulia mita 0.8 kwa sekunde au chini kuwa dalili ya uwezo mdogo, Asia huanzia chini ya mita 1. Kwa hiyo anayetumia sekunde 5 au zaidi anastahili kuangaliwa na pande zote mbili.

Usipimie uani kwenye mchanga au mteremko.

Na kusimama bila kuyumba?

Hatua ni tatu, kila moja sekunde 10. Kwanza miguu pamoja, sambamba. Pili, kisigino cha mguu mmoja kando ya kidole gumba cha mwingine. Tatu, mguu mmoja mbele ya mwingine kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa hatua moja, usiendelee na inayofuata. Fanyia karibu na ukuta au meza nzito.

Alama za SPPB zinajumlishwaje?

Kila kipimo kina alama 0 hadi 4, jumla 12.

Kusimama: hatua ya kwanza alama 1, ya pili 1, ya tatu 2 akimaliza sekunde 10, au 1 akifika sekunde 3 bila kufika 10.

Kutembea mita 4: chini ya sekunde 4.82 ni alama 4, hadi 6.20 ni 3, hadi 8.70 ni 2, zaidi ya hapo 1, asiyeweza 0.

Kuinuka mara 5: hadi sekunde 11.19 ni alama 4, hadi 13.69 ni 3, hadi 16.69 ni 2. Zaidi ya hapo mpaka sekunde 60 ni 1. Asiyemaliza ndani ya dakika moja, 0.

Jumla ya 8 au chini, kwa vigezo vya Ulaya, ni dalili ya uwezo mdogo wa mwili. Asia wanaweka 9 au chini. Ukiwa na muda wa kipimo kimoja tu, nashauri kuinuka kitini. Ukiwa na dakika 10, fanya vyote vitatu.

Nguvu ya mshiko inapimwaje, na bila kifaa nifanyeje?

Kifaa chake kinaitwa dainamomita. Mzee akiwa amekaa, kiwiko kimepinda nyuzi 90, anabana kwa nguvu zake zote, mara 3 kila mkono, na inachukuliwa namba ya juu kuliko zote. Mipaka ya Ulaya ni chini ya kilo 27 kwa wanaume na chini ya kilo 16 kwa wanawake. Asia ni 28 na 18. Mkono unasema mengi kuhusu mwili mzima: utafiti wa PURE uliochapishwa mwaka 2015, uliopima watu karibu 140,000 katika nchi 17, zikiwemo Zimbabwe na Afrika Kusini, uliona kila upungufu wa kilo 5 ukiambatana na hatari ya kifo iliyozidi kwa asilimia 16.

Zahanati nyingi hazina kifaa hiki. Usikikisie kwa kumpa mzee mkono akubane vidole. Huwezi kupata namba ya kulinganisha. Tumia kiti. Lakini uangalie mambo ya nyumbani: je, bado anakamua nguo, anafungua chupa ya soda, anakuna nazi? Akiacha kimoja baada ya kingine, mwambie daktari.

Sina nafasi ya kupima. Kuna maswali ya kuuliza tu?

Yapo 5, yanaitwa SARC-F, kila moja alama 0 hadi 2: anapata shida kubeba mzigo wa kilo 4.5 (chukulia galoni la lita 5 la maji)? Anapata shida kutembea chumbani? Kuinuka kitini au kitandani? Kupanda ngazi 10? Ameanguka mara ngapi mwaka uliopita (hakuna ni 0, mara 1 hadi 3 ni 1, mara 4 na zaidi ni 2)? Jumla ikifika 4, apimwe.

Kasoro yake ni kwamba huwaacha wengi: mtu anaweza kupata 2 na bado misuli imeshapungua. Alama ndogo isikulaze usingizi kama macho yako yanaona vingine.

Nimesikia kuhusu kupima kigimbi kwa tepu.

Ni njia nzuri ya kukisia wingi wa misuli. Pima sehemu nene kuliko zote ya kigimbi, bila kukaza tepu. Asia hutumia chini ya sentimita 34 kwa wanaume na 33 kwa wanawake. Miguu ikiwa imevimba kipimo hakifai, kwa sababu utakuwa unapima maji.

Na kile cha kuinuka, kwenda mita 3, kugeuka na kurudi kukaa?

Hicho kilielezwa na Podsiadlo na Richardson mwaka 1991, na ni kizuri hasa kwa kumwona mzee anapogeuka, maana wengi huangukia hapo. Marekani huchukua sekunde 12 na zaidi kuwa hatari ya kuanguka. Kwa sakopenia, Ulaya huweka sekunde 20.

## Kusoma matokeo

Mbona Ulaya na Asia wana mipaka tofauti? Sisi tufuate ipi?

Mipaka hutokana na watu waliopimwa. Urefu, uzito, kazi za ujanani na lishe hutofautiana, hivyo namba hutofautiana. Afrika Mashariki hatuna mipaka yetu iliyokubaliwa na wote. Kazi imeanza, hata hivyo: katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kifupi cha udhaifu wa wazee kiitwacho B-FIT, kilichokusudiwa mazingira ya vijijini Tanzania.

Ushauri wangu: tumia sekunde 14 za Shirika la Afya Duniani kama kengele ya mlangoni, kisha mlinganishe mzee na yeye mwenyewe. Mama wa Hai aliyepanda na kushuka milima maisha yake yote anaweza kufaulu kwa mpaka wa Ulaya huku akiwa ameshapoteza nusu ya alichokuwa nacho. Hilo utaligundua kwa daftari la vipimo vyake vya nyuma.

Mabadiliko ya kiasi gani ni ya kujali?

Kwa kasi ya kutembea, mita 0.05 kwa sekunde ni badiliko dogo lenye maana, na mita 0.1 ni kubwa. Kwa SPPB, alama 1 nzima ni kubwa. Mzee aliyetoka 10 hadi 8 kwa miezi 6 ana jambo, hata kama yeye anasema "sijambo, namshukuru Mungu".

Pima saa ileile ya siku, kiti kilekile, viatu vilevile. Siku ya homa au baada ya kukesha msibani, ahirisha.

Amepata matokeo mabaya. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye vidonge vya kuongeza damu vya dukani. Anza kwa kutafuta kinachomrudisha nyuma. Daktari aangalie damu, sukari, figo, tezi ya shingo, macho (mtoto wa jicho ni sababu ya kawaida sana ya kutembea polepole), meno, miguu na kucha, maumivu ya goti na nyonga, na huzuni. Ndiyo, huzuni: mjane aliyeacha kula na kutoka nje hudhoofika misuli kama mgonjwa yeyote.

Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba. Dawa za usingizi, za mzio zinazolewesha na za presha zinazozidi kiasi humfanya ayumbe. Omba presha ipimwe akiwa amelala, kisha akisimama baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, umepata sehemu ya jibu.

Kama wewe uko Tanzania, ulizia dirisha la wazee kwenye hospitali ya serikali, na nenda na kitambulisho chake cha mzee kama anacho.

## Kurudisha nguvu

Mtu wa miaka 80 na zaidi anaweza kweli kurudisha misuli?

Anaweza. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliwafanyisha mazoezi ya uzito mzito wakazi 10 wa nyumba ya wazee huko Boston, wenye umri wa miaka 90 hivi. Baada ya wiki 8, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hawa walikuwa watu ambao wengi wetu tungewaambia wapumzike.

Kisha mwaka 2014 ukatoka utafiti wa LIFE, uliofuatilia watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89 wenye SPPB ya 9 au chini. Waliotembea na kufanya mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba walipata upungufu wa asilimia 18 wa hatari ya kupoteza uwezo mkubwa wa kutembea, wakilinganishwa na waliopewa mafunzo ya afya peke yake.

"Pumzika, Mama, tutakufanyia sisi" ni maneno ya upendo, na yanadhoofisha. Mwachie kazi anayoiweza: achambue mchele, afagie kibarazani, atembee hadi dukani na mjukuu.

Aanze na mazoezi gani?

Kipimo chenyewe ni zoezi. Kuinuka kitini mara 5 hadi 10, apumzike, arudie mara mbili zaidi, siku 3 kwa wiki. Asiyeweza bila mikono aanze na kiti kilichoinuliwa kwa godoro dogo gumu au mto ulioshindiliwa, na upunguze urefu kadiri anavyopata nguvu. Ongeza kuinua visigino akiwa ameshika meza, kutembea kwa kisigino kugusa vidole kando ya ukuta, na kunyanyua chupa za maji zilizojaa.

Zoezi liwe gumu kidogo. Akimaliza mara 10 huku akipiga soga bila kuhema, uzito umekuwa mdogo, ongeza. Kutembea tu ni kuzuri kwa moyo, ila hakutoshi kujenga mapaja.

Chakula je?

Mapendekezo ya wataalamu kwa wazee ni gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na zaidi kidogo kwa mgonjwa. Mzee wa kilo 55 anahitaji kama gramu 55 hadi 66. Sasa tazama siku ya wazee wengi: chai ya rangi na kipande cha mkate asubuhi, wali na mchuzi mchana, uji usiku. Nyama moja iliyokuwamo amempa mjukuu. Hafikii hata nusu.

Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15 hivi. Dagaa waliosagwa hukaa vizuri kwenye uji na kwenye mboga, na havimsumbui asiye na meno. Maziwa, mtindi, karanga zilizosagwa, kunde na choroko vyote vinafaa. Gawanya protini katika milo yote mitatu, usiirundike mchana. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze kabla ya kuongea na daktari wake.

Kuna dawa au sindano?

Hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa sakopenia. Anayekuuzia sindano ya "kurudisha ujana" anakula pesa ya mzee.

## Hali za pekee

Ana maumivu ya goti. Kipimo kina maana?

Kina maana, ila andika kando "goti la kulia linauma". Sekunde zitakuwa za goti na misuli kwa pamoja. Mshiko wa mkono, kama kifaa kipo, utasaidia kutofautisha: mkono wenye nguvu na matokeo mabaya ya kuinuka kitini huelekeza kwenye goti zaidi.

Ametoka kulazwa wiki iliyopita na amelegea.

Hiyo ni kawaida na ni hatari. Katika jaribio moja la mwaka 2007, wazee wenye afya nzuri waliolala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Fikiria aliyelala akiwa na homa na bila kula. Mpime akishatulia, urudie baada ya wiki 4, na mazoezi yaanze mapema kadiri daktari anavyoruhusu. Akilazwa tena, mkalishe kitini wakati wa kula na mtembeze wodini kama hajakatazwa.

Mama ni mnene. Hawezi kuwa na upungufu wa misuli, sivyo?

Anaweza, na kwake ni rahisi kufichika. Mafuta huongezeka huku misuli ikipungua, na miguu dhaifu inabeba mzigo mkubwa. Mpime kama wengine, ila kigimbi kisikudanganye. Akitakiwa kupunguza uzito, afanye hivyo pamoja na mazoezi ya nguvu, la sivyo atapunguza misuli pia.

Anasahau sana, hafuati maelekezo.

Mwonyeshe kwa vitendo, sentensi moja kwa wakati, na inuka pamoja naye. Ikishindikana, pima kasi ya kutembea bila kumwambia, anapokwenda kunawa au kula. Andika kwamba hakuelewa. Usiandike kwamba hakuweza.

Zamani alisali kwa sijda, siku hizi anasali kitini. Ni dalili?

Inaweza kuwa. Kuinuka kutoka sakafuni kunahitaji nguvu kuliko kuinuka kitini, kwa hiyo wanaosali, wanaokaa mkekani na wanaotumia choo cha kuchuchumaa huonyesha upungufu mapema zaidi. Muulize kwa heshima ilianza lini na ni nini kinachomzuia: maumivu, kizunguzungu au kukosa nguvu. Kila jibu lina tiba yake. Asilazimishwe kurudi sakafuni.

Kwenye mitandao wanasema simama mguu mmoja sekunde 10, ukishindwa utakufa mapema.

Utafiti huo upo, ulifanyika Brazili na kuchapishwa mwaka 2022 na timu ya Claudio Gil Araújo, ukiwahusu watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75. Ulionyesha uhusiano na hatari ya vifo, si hukumu. Jibu la swali kuhusu uhakika wa utabiri linahusika hapa pia. Na usimjaribishe mzee dhaifu kusimama mguu mmoja katikati ya sebule kwa ajili ya kurekodi video.

Mimi niko Muscat, mama yuko Tanga. Naweza kumpima kwa video?

Kuinuka kitini unaweza, mradi mtu mzima awe amesimama kando yake. Simu iwekwe pembeni, si mbele, ili umwone kuanzia kichwa hadi nyayo. Mtu wa huko ashike saa, kwa sababu mtandao huchelewesha picha. Kusimama kwa hatua ya tatu uache mpaka awepo mhudumu. Hata bila saa, mwombe dada au binti wa kazi akuoneshe tu anavyotoka kitini; ukimwona anajisukuma kwa mikono mara mbili tatu kabla ya kunyanyuka, umeshapata cha kumpelekea daktari.

Lini nisipime, bali nikimbilie hospitali?

Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, mdomo kupinda au maneno kukorogeka: hicho ni kiharusi mpaka ithibitishwe vingine. Miguu kufa ganzi pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au choo. Kushindwa kukanyaga baada ya kuanguka, hata kama hakuna jeraha. Haya hayasubiri. Kukonda pamoja na kikohozi cha wiki mbili nako kunahitaji kipimo cha kifua kikuu kabla ya mazoezi.

Mzee anakataa kupimwa. Anasema tunamchezea.

Ana haki. Anapimwa na mtoto aliyemlea, mbele ya wajukuu wanaocheka, na huenda anahofu kwamba akishindwa mtamnyang'anya funguo za nyumba yake. Toa watu chumbani. Mwamkie kama ipasavyo, mweleze kwa nini, na umwombe ruhusa. Mara nyingi husaidia ukifanya wewe kwanza, yeye akishika saa na kukuhesabia; wengi humaliza kwa kusema "haya, niachie kiti". Akikataa bado, mwache, na urudi siku nyingine.